Mgongo wa Malkia

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lenye miguu mitatu ya kwake na mmoja wa tofali, kati ya banda la kinyozi na meza yangu ya kupigia pasi. Mimi ndiye dobi. Sikai kwenye benchi, nasimama nyuma yake na pasi yangu ya mkaa mkononi, kwa hiyo watu wote pale nawajua kwa visogo. Kuna Karani, aliyestaafu mahakamani na bado anavaa tai hata Jumapili. Kuna Rimoti, fundi wa televisheni, ambaye kila Alhamisi jioni hutuwekea tamthilia kwenye televisheni za wateja alizokwisha kuzitengeneza lakini hana haraka ya kuzirudisha. Kuna Mashine, kinyozi mwenyewe, anayenyoa huku uso ameuelekeza kwetu, na wateja wake wamezoea kuvumilia. Na kuna Birika, anayeuza kahawa na kuamini kwamba kwa kuwa kahawa ni yake, neno la mwisho nalo ni lake.

Jumapili hiyo mjadala ulikuwa mmoja tu, uleule wa Ijumaa na Jumamosi. Kwa nini malkia amegeuza mgongo?

Tamthilia yenyewe inaitwa Pazia la Kasri. Ni mambo ya zamani, wafalme na magauni yanayofagia sakafu. Humo ndani hakuna anayempigia mwenzake kelele. Mtu akikasirika anaweka kikombe mezani taratibu, na sisi tunabaki roho mkononi kwa ajili ya kikombe. Malkia anajua kwamba mfalme alimsaliti kaka wa malkia kwa maadui wa milimani, mfalme anajua kwamba malkia anajua, na kwa sehemu kumi na moja hawajasemezana. Basi Alhamisi iliyopita, sehemu ya kumi na mbili, malkia aliingia ukumbini, akaenda moja kwa moja dirishani, akampa mfalme mgongo, na sisi pia akatupa mgongo, mpaka mwisho. Dakika arobaini na tano hakugeuka hata mara moja. Mtaa mzima ulikwenda kulala na mgongo ule.

— Lile ni suala la kisheria, alianza Karani, akikunja mguu juu ya mguu. Mtu akikupa mgongo mahakamani, maana yake haitambui mahakama. Malkia hamtambui mfalme. Kwa nini? Kwa sababu yule si mfalme.

— Ni nani basi? akauliza Rimoti.

— Pacha wake.

Mashine alizima mashine ya kunyolea. Mteja alibaki na kichwa nusu.

— Pacha anatoka wapi sehemu ya kumi na mbili?

— Pacha hatoki popote. Yupo tangu kuzaliwa.

Hapo wakabishana kidogo kama mapacha hukohoa namna moja, maana mfalme alikohoa sehemu ya tisa. Mashine hakuwa na habari na kikohozi. Alisema sisi tunahangaika na mgongo wakati siri iko kichwani, na kichwa ndiyo kazi yake.

— Sehemu ya kumi na moja alikuwa na vibanio saba vya nywele, akasema. Nilivihesabu. Alhamisi vilikuwa sita. Cha saba kiko wapi?

— Kimeanguka, akasema Birika.

— Kwenye tamthilia kitu hakianguki hivihivi. Kiko mkononi, huko mbele ambako hatuoni, na ncha yake imenolewa. Mfalme angesogea hatua mbili tu tungezika.

Rimoti aliwasubiri wamalize, kwa sababu alikuwa na silaha. Ijumaa asubuhi alimsikia muongozaji wa tamthilia akihojiwa redioni, na maneno yake ameyashika yote. Muongozaji alisema wazo la mgongo alilala nalo na kuamka nalo kwa miezi. Alisema kila muongozaji anaweza kuonyesha uso wa mtu mwenye uchungu, lakini yeye alitaka mgongo uzungumze. Mtangazaji akamwambia hongera. Rimoti aliyarudia maneno hayo kwa mara ya tisa tangu Ijumaa, na benchi zima likatikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikainama kwenye kola ya shati la mtu.

Sasa niseme jambo ambalo hapo benchini hakuna aliyelijua. Malkia hakugeuka kwa ajili ya kaka yake. Aligeuka kwa sababu mbele ya gauni lake, juu ya tumbo, palikuwa na alama ya pasi. Pasi yenyewe ni hii yangu.

Shemeji, mke wa kaka yangu, ndiye mtunza mavazi wa Pazia la Kasri. Mtaani watu wanajua ni mshonaji tu, maana kampuni iliwasainisha wote karatasi ya kutotoa siri mpaka tamthilia iishe. Siku moja kabla ya kupiga picha za sehemu ile, pasi yao ya mvuke ilikufa. Akanijia na gauni ndani ya mfuko mweusi, mahameli ya zambarau yenye kipande cha hariri nyeupe kutoka kifuani mpaka tumboni. Aliniambia tu, shem, angalia hiyo hariri, akaenda kutafuta uzi. Hakuona haja ya kusema zaidi, kwa sababu ananiamini. Nguo za harusi yake nilizipiga pasi mimi.

Mahameli niliimaliza salama, kwa ndani, juu ya taulo, kama inavyotakiwa. Nikaijaribu pasi kwenye gazeti, nikatandika kitambaa chenye maji juu ya hariri, nikaanza. Bahati mbaya na benchi nalo lilikuwa limeanza. Walikuwa wanabishana kama malkia atakuja kufungua mdomo siku moja, na Karani anashikilia kwamba lazima atoe ushahidi. Nilikuwa na hoja nzito. Nikageuka niitoe. Nikasema malkia hasemi ng'o, mwanamke wa namna ile akishaamua kunyamaza amenyamaza. Hoja ilipokelewa vizuri mno, Mashine alipiga makofi, na mimi nikaongeza mfano. Nilipogeukia kazi yangu, kitambaa kilikuwa kinafuka moshi.

Shemeji hakunigombeza. Alilitazama gauni, akalikunja, akalirudisha mfukoni. Yaliyofuata nilisimuliwa na kaka. Ukumbi ulikuwa wa kukodi kwa siku moja, gauni jingine halikuwepo, na muongozaji, mikono kichwani, akamwambia malkia akasimame dirishani na kugeuka. Jioni akauliza nani ameunguza. Shemeji akasema ni mkono wake. Alisema hivyo kwa sababu wiki ile nilikuwa nimepeleka barua hotelini niombe kazi ya kufua nguo za wahudumu, na dobi akishajulikana ameunguza gauni la malkia, hakuna atakayempa hata leso. Wakamwambia akae nyumbani mpaka kikao kitakapoamua kama arudi au asirudi kabisa. Wiki sita sasa yuko nyumbani. Kikao kilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, yaani kesho yake.

Na mimi nilinyamaza. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Hoteli yenyewe haijanijibu mpaka leo.

Chumba changu kiko uani kwao, na chakula nakula kwa shemeji. Zamani tulikuwa tukitaniana mpaka wali unapoa. Siku hizi ananipakulia, anaweka sahani mezani taratibu, kisha anageukia beseni la vyombo na kunipa mgongo mpaka nimalize. Hajaninyima kitu. Chumvi iko sawasawa, nyama ninawekewa. Watoto wakiuliza baba mdogo mbona huongei, nasema nimechoka. Kaka ni dereva wa lori, akirudi safari anasifu nyumba ilivyotulia. Najionea aibu kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa hiyo watu wanaposema mambo ya ukimya kwenye televisheni, mimi sina haja ya televisheni.

Turudi benchini, zamu ilikuwa imemfikia Birika. Alimimina kahawa, akangoja wote washike vikombe ili asikatizwe.

— Malkia ana mimba, akasema. Anaficha tumbo.

Siku tatu za kubishana, na huyu wa kahawa ndiye aliyefika tumboni.

— Mimba ya nani? Karani akauliza. Sehemu kumi na moja hawajasemezana.

— Kwani mimba inahitaji mazungumzo?

Karani akaomba heshima ya benchi idumishwe. Mashine akasema mimba si mbaya, ila haielezi kibanio. Rimoti yeye aligeuka nusu, akanitazama kwa pembe ya jicho.

— Dobi, wewe ndiye mtu wa nguo hapa, na siku tatu hujachangia. Gauni lile unalionaje?

— Mgongoni limepigwa pasi vizuri, nikasema.

Walicheka sana. Wakasema dobi ni dobi tu, anaonyeshwa kasri anaona mikunjo. Nami nikacheka nao, na kicheko kile hakikunifurahisha.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kombo. Rimoti alisema sasa atatoa lile alilokuwa analiweka akiba. Tangu sehemu ya tano, mfalme hajanywa kitu. Kikombe kinaletwa kimejaa, kinaondolewa kimejaa.

— Mtu gani hanywi wiki saba? akauliza.

— Maiti. Mfalme alishakufa, wamemkalisha kitini ili nchi isijue. Malkia anajua. Wewe ungeweza kumtazama mumeo katika hali ile?

— Lakini anapepesa macho, akasema Mashine.

— Upepo. Kwa nini unadhani dirisha liko wazi kila siku?

— Na alikohoa sehemu ya tisa.

— Huyo ni pacha, yuko nyuma ya pazia, akasema Karani, ambaye alikuwa anaona kesi yake ikifufuka. Tamthilia inaitwaje? Pazia. Mmeambiwa tangu siku ya kwanza, nyie hamsikii.

Mashine alikiri kwamba hiyo ni nzito. Lakini naye hakutaka kuachwa nyuma. Mteja wake, yule wa kichwa nusu, alikuwa ameshatoka na taulo shingoni kuja kusikiliza. Mashine akauliza kwa sauti ya chini kama kuna hata mmoja wetu aliyemwona malkia akipumua Alhamisi ile. Tukafikiri. Hakuna aliyemwona.

— Basi hakuwepo, akasema. Lile ni gauni limesimamishwa juu ya mti na nywele za bandia. Ndiyo maana vibanio ni sita, waliomvalisha mti walikuwa na haraka. Malkia mwenyewe ameshafika mpakani.

— Kwa hiyo, akasema Birika, ukumbini kuna maiti kitini na gauni dirishani, na sisi tumetazama dakika arobaini na tano.

— Na pacha, akasema Karani.

— Na pacha.

Hapo ndipo nilipomwona shemeji akivuka barabara. Kila Jumapili sare za shule za watoto zinakuwa kwangu, na kwa wiki sita alikuwa akiwatuma watoto wenyewe kuzichukua. Leo alikuja mwenyewe, na hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Benchi likasogea, karibu mama, karibu ukae. Akashukuru, akasema anasimama tu. Alisimama ubavuni mwa meza yangu, uso barabarani, mgongo kwangu. Birika akampa kahawa, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilizikunja sare polepole, kwa sababu nikimaliza ataondoka, na sikujua kama nataka aondoke au abaki.

Rimoti hana breki. Akamwambia amekuja wakati mzuri, yeye kama mshonaji atusaidie, kwani ile Pazia la Kasri si anaitazama?

— Sitazami, akasema shemeji.

Basi wakamsimulia, wote wanne kwa pamoja, na yule wa taulo akisaidia. Akasikia habari za pacha, kibanio, mimba, maiti na mti. Akasikia muongozaji alivyosema redioni kwamba alilala na wazo lile kwa miezi na kuamka nalo. Hapo alikunywa funda moja la kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayepimiwa kitambaa, na walipoishiwa pumzi akauliza swali lake.

— Mgongo mmeuongea siku tatu. Mbele ya gauni kuna nini?

Rimoti alijikuna kidevu. Mashine alimtazama mteja wake, mteja akatazama taulo. Karani alisema ushahidi wa upande huo haujawasilishwa, kisha akaona haya mwenyewe, akarekebisha tai. Hata Birika, mwenye neno la mwisho, alijishughulisha na vikombe.

Shemeji hakunitazama. Nilichokiona ni kisogo chake na mkono wake ulioshika kikombe. Halafu akakiweka kile kikombe kwenye pembe ya meza yangu, taratibu, na nikakisikia kikigusa mbao.

Angeweza kuwaambia yeye. Alikuwa na haki hiyo tangu wiki sita zilizopita, na kesho asubuhi angeweza kuwaambia wenye kampuni. Lakini nilijua, kama ninavyojua joto la pasi bila kuigusa, kwamba hatasema. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa hoja hiyo na kupigiwa makofi.

— Kuna alama ya pasi, nikasema.

Visogo vyote viligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona nyuso zao zote kwa pamoja, na ni nyuso za kizee kuliko nilivyodhani.

— Pasi gani? akauliza Rimoti.

— Hii. Gauni lilikuwa hapa kwenye meza hii. Nililiunguza juu ya tumbo, siku ile tunabishana kama malkia atasema. Niligeuka kuchangia. Malkia hakuwa na gauni jingine, wakamgeuza. Shemeji huyu ndiye mtunza mavazi wao, akajitwisha yeye, wakamtoa kazini. Kesho wanamkalisha kikao. Na mimi nimekaa kimya wiki sita nikiwapigia pasi.

Nilisema yote kwa mkupuo.

Rimoti ndiye aliyepata sauti kwanza. Alinihurumia.

— Dobi, usijipe lisilo lako. Muongozaji alilala na wazo miezi, wewe unataka kusema ni pasi yako?

— Ni pasi yangu.

— Kila mtu anataka sifa, akasema Mashine.

Basi wakaanza kunibishia. Nilikuwa nimekiri kosa la kuninyima kazi maisha yangu yote, nao wanaona najisifu. Nikainyanyua pasi niwaonyeshe. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Rimoti aliitazama ncha yake kwa muda, kisha akasema kweli, ina ncha, na kama malkia alikuwa amesimama dirishani basi ncha ilikuwa inaelekea milimani, aliko kaka yake. Mashine akasema hiyo ncha ni kibanio cha saba. Birika akasema juu ya tumbo, mmesikia, juu ya tumbo, nilisema mimi. Dakika moja nyuma pasi haikuwepo duniani, sasa kila mmoja anayo.

Karani yeye alikuwa amevua miwani anaifuta kwa tai.

— Subirini, akasema. Mama, huyo muongozaji amesema redioni kwamba mgongo aliutaka mwenyewe?

— Ndivyo mnavyosema ninyi, akajibu shemeji.

— Rimoti ni shahidi, alimsikia kwa masikio yake. Basi kesho kikaoni muulizeni kitu kimoja. Mgongo ulikuwa wazo lake au ulikuwa hasara? Akisema wazo, hakuna aliyekosa. Akisema hasara, arudi redioni akaseme. Hawezi kupokea hongera kwa mkono mmoja na kumfukuza mtu kwa mkono mwingine.

Miaka yote ya kumsikiliza Karani, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona alichokuwa akifanya mahakamani. Akavaa miwani, akaongeza kwamba pacha bado yupo.

Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Rimoti. Yalitoka matone mawili na unga. Akasema kahawa imekwisha, na kwa kawaida hapo ndipo benchi huvunjika, lakini jioni ile hakuna aliyeinuka. Wote walijifanya wanatazama barabara.

Nikampa shemeji mfuko wa sare. Aliupokea bado uso wake uko barabarani.

— Kesho saa mbili, akasema.

— Najua. Nitakuja na wewe, shem. Nitawaambia kama nilivyowaambia hawa.

— Kuhusu hoteli?

— Wataniambia wenyewe, wakitaka.

Akautia mfuko kwapani.

— Lile shati lako jeupe liko wapi?

— Chumbani. Halijapigwa pasi.

Ndipo akageuka, mzima mzima, akanitazama usoni. Wiki sita sikuwa nimeyaona macho yale. Yalikuwa yamechoka, na yalikuwa na hasira bado, na kwa mbali, pembeni, yalikuwa yanataka kucheka.

— Lilete jikoni, akasema. Nitalipiga mimi.